Macho Yote ya Sreekala

Haya nimeyapata kwa Sreekala mwenyewe, mpangaji wangu wa chumba cha juu, mchana wa Ijumaa moja mwaka juzi, katikati ya mwezi wa Karkidakam, mvua ikinyesha kama ilivyozoea. Kipande kimoja nilikiona kwa macho yangu, maana kilitokea kwenye meza yangu ya kulia chakula, ila wakati ule sikujua ninachokiona. Nilidhani mpangaji wangu anafanya kazi.

Kazi yake ni kuangalia. Kuna programu ya kukatia tiketi za mabasi, yale mabasi ya usiku yanayotuletea watoto wetu kutoka Bengaluru na Chennai. Programu yenyewe inakaa ndani ya mashine zilizoko Mumbai, na Mumbai Sreekala hajawahi kufika. Yeye yuko hapa Kazhakkoottam, ofisini kwao ghorofa ya sita, mbele ya skrini tatu, na kila dakika skrini zinamwambia programu ina hali gani: inawajibu watu upesi au inajikokota, imejaa au ina nafasi, inahema au imetulia. Ikianza kuchoka, yeye ndiye wa kujua kabla mwenye mabasi hajajua na kabla abiria hawajaanza kutukana. Nilimwambia siku moja, "Basi wewe ni kama mkunga anayeweka sikio tumboni."

Akacheka. Huniita Amma, yaani mama. "Ila huyu mtoto yuko Mumbai, Amma, na sikio langu liko hapa."

Ofisini kwao kuna simu moja nyeusi, ya zamu. Programu ikisumbua, mwenye mabasi hupiga hiyo, na bosi wao, Unnithan saar, yaani bwana Unnithan, hupiga hiyo. Kwa utaratibu ilitakiwa izunguke, wiki kwa huyu na wiki kwa yule. Kwa kweli ilikuwa imekaa kwenye mkoba wa Sreekala miaka tisa, na hakuna aliyeuliza. Ikilia tukiwa mezani, anainuka na vidole vimejaa mchuzi, anaishika kwa mkono wa kushoto, na uso wake unang'aa. Nimeona wanawake wa mtaa huu wakipigiwa na waume zao walioko Sharjah, hawang'ai vile. Yeye hakuolewa. Sikumuuliza kwa nini, naye hakuniuliza kwa nini mwanangu Venu haji nyumbani ila mara moja kwa mwaka.

Kwenye joto la mwezi wa Medam akaletwa msichana mpya wa kuangalia pamoja naye. Anaitwa Jincy, wa kule Pala, binti wa mgema mpira, miaka ishirini na minne, mwembamba, msalaba mdogo shingoni, chakula chake kwenye kopo la ngazi tatu. Sreekala alimpenda wiki ya kwanza. Alimsifu kwangu anavyokaa kimya, alimpelekea achari yangu ya samaki kwenye chupa, akamfundisha kila kitu, hata mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chao. Msichana alimwita chechi, dada mkubwa, naye akapenda kuitwa hivyo.

Halafu ikaja Jumanne moja. Walikuwa wanakula mbele ya skrini, Jincy ana kipande cha fenesi mkononi. Akatazama skrini kama mtu anayetazama saa ya ukutani, akasema, "Chechi, hii itakwama kabla ya saa nane."

Sreekala akatazama. Mistari yote ilikuwa ya kijani. "Kula, mtoto. Haina kitu."

Saa saba na dakika arobaini ikakwama.

Wiki iliyofuata Jincy alisema tena, ikakwama tena. Mara ya tatu alisema mapema, wakawahi, haikukwama, na hiyo ndiyo iliyomfikia Unnithan saar. Akatoka chumbani kwake, akavuta kiti, akamuuliza mbele ya watu wote, "Wewe unajuaje?"

"Naangalia inavyofagia, saar," Jincy akasema.

Sreekala alinieleza hilo polepole, nami nililielewa kwa sababu nina jiko. Programu ikifanya kazi huacha takataka, kama mimi nikikuna nazi. Kila baada ya muda inasimama kidogo, inafagia, inaendelea. Kufagia si ubaya. Lakini ikianza kufagia mara kwa mara, na kila ikimaliza takataka zinabaki nyingi kuliko mara iliyopita, basi ujue muda si mrefu itakuwa inafagia tu na haipiki. Sreekala alikuwa anaangalia jasho la programu. Jincy alikuwa anahesabu mifagio.

"Mstari huo ulikuwa kwenye skrini yangu miaka tisa, Amma," aliniambia. "Kona ya chini, mkono wa kulia. Nilikuwa naweka kikombe cha chai mbele yake."

Tangu hapo sikupata raha mezani kwangu. Kila jioni nililishwa Jincy. Jincy kasema nini, Jincy kavaa nini, Unnithan saar kamwita mara ngapi. Alikuwa akihesabu. "Leo mara saba," anasema, huku anabonyeza muhogo kwa kidole na hali. "Mimi mara mbili, na moja ilikuwa ananiuliza Jincy yuko wapi."

"Labda alikuwa ana shida naye."

"Shida gani? Alitaka kumwonyesha kwa mgeni. 'Njoo uone mtabiri wetu.' Mtabiri. Mtoto wa juzi ambaye hata mashine ya chai hajui kuibonyeza."

"Si wewe uliyeniambia ana adabu?"

"Ndiyo hiyo adabu yenyewe, Amma. Angekuwa na kiburi ningepumua. Anajua kabla yangu, halafu ananiuliza mimi, 'Chechi unaonaje?' Nionaje nini? Umeshaona wewe."

Achari ikakoma kwenda ofisini. Nilipomjazia chupa aliiacha juu ya friji, akasema amesahau, na kesho yake akasahau tena. Nikaanza kula mwenyewe.

Tiketi za mabasi ya ziada ya Onam, sikukuu yetu ya mavuno, hufunguliwa siku moja, saa nne kamili asubuhi. Ukichelewa kidogo umeikosa Onam ya nyumbani. Kwa programu ile hiyo ndiyo siku ngumu kuliko zote za mwaka, maana watu laki kadhaa wanaingia mlango mmoja kwa mpigo. Miaka tisa Sreekala ndiye aliyekaa kitini siku hiyo. Mwaka huo ilikuwa iwe Jumatano.

Jumatatu alirudi mwavuli ukimwagika maji sebuleni, hata viatu hakuvua.

"Wamebadilisha namna inavyofagia," akasema. "Jincy kaomba, saar kakubali, wamebadilisha Jumamosi. Mimi nimeambiwa leo. Unaelewa, Amma? Nimeambiwa. Kama mgeni."

"Na Jumatano?"

"Jumatano anakaa Jincy, na simu anashika Jincy. Mimi nipumzike nyumbani. Saar anasema, 'Sreekala, miaka tisa hujapumzika siku hii. Tukivuka salama, ndipo tutaamua simu ikae kwa nani.'" Akavua kiatu kimoja. "Nani kaomba kupumzika?"

Nikauona mkoba wake ulivyolegea. Simu ilikuwa imeshatolewa.

Usiku ule hakulala, na wa Jumanne hakulala, akitembea juu ya kichwa changu kutoka dirishani hadi mlangoni. Jumatano asubuhi akashuka na kompyuta yake. Chumbani kwake mtandao unakatika mvua ikizidi, na kisanduku cha intaneti kiko kwangu, juu ya kabati la vyombo. Akasogeza bakuli la ndizi, akafungua kompyuta mezani, akajiunganisha na ile programu ya Mumbai.

"Si uko likizo?" nikamuuliza. Nilikuwa nakoroga uji wa dawa, ule wa mwezi wa mvua.

"Naangalia tu."

Kuna kuangalia na kuangalia, na hapa ndipo msomaji anapaswa kunisikiliza vizuri. Kila siku wao huiuliza programu mara moja kwa dakika, hujambo, nayo hujibu sijambo, basi. Haiumii. Lakini wana namna nyingine, wenyewe wanaiita macho yote. Ukifungua macho yote, programu haifanyi kitu bila kukiandika kwanza. Ni kama uniambie nipike uji, lakini kila nikizungusha mwiko niweke mwiko chini, nichukue kalamu, niandike nimezungusha, ndipo nizungushe tena. Utajua kila kitu kuhusu uji wangu, na uji utaungua. Kwa hiyo sheria yao ni kwamba macho yote hufunguliwa kwenye mashine za majaribio, au kwa dakika mbili siku iliyotulia, kwa ruhusa. Siku ya kuuza tiketi, kamwe. Sreekala ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni sheria hiyo. Jincy alifundishwa na yeye.

Saa nne na dakika tatu akayafungua.

"Nilijiambia dakika mbili," alinisimulia. "Nilitaka kuona ule ufagiaji wake mpya kwa karibu. Nilitaka nione unakosea."

Programu ikapunguza mwendo. Niliuona ule mstari mwekundu ukipanda kwenye kompyuta yake, sikujua ni nini, ila niliuona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyeletewa habari njema.

"Umeona," akasema peke yake. "Umeona sasa."

Nikamwekea uji. Hakuugusa. Dakika mbili zikapita, zikawa nane, naye akafungua macho kwenye sehemu nyingine ya programu, kutafuta kosa la Jincy liko wapi hasa. Mstari ukapanda. Akafungua kwenye sehemu ya tatu. Alikuwa anakusanya ushahidi, anaandika pembeni kwenye karatasi yangu ya hesabu ya maziwa: saa hii, sekunde kumi na moja, saa hii, sekunde kumi na tisa. Kila alipoongeza macho programu ilizidi kukwama, na kila ilipozidi kukwama alizidi kuamini ni kosa la Jincy, akaongeza macho. Miaka tisa ya kujua haikumsaidia kitu. Alisahau, kwa sababu hakuwa anaitazama programu. Alikuwa anamtazama Jincy.

Saa nne na dakika ishirini simu yangu ikalia. Venu, kutoka Bengaluru.

"Amma, hiki kitu kinazunguka tu. Nimeshachagua viti vinne, mimi, Ragini na watoto, kinazunguka. Mpangaji wako yupo?"

"Yupo hapa mezani."

"Mwambie aisukume kidogo kwa nyuma. Kama gari bovu."

Nikamwambia. Sreekala hakuinua kichwa. "Mwambie ampigie Jincy. Yeye ndiye dereva leo."

"Anasema ana likizo," nikamwambia Venu.

"Mwambie likizo yake isinile Onam yangu," akasema Venu, akakata. Alikuwa anacheka bado. Wakati ule alikuwa bado anacheka.

Ilipofika saa nne na nusu na kidogo, simu ya Sreekala ikalia. Alikuwa anaandika kwa mikono miwili, akabonyeza kipaza sauti, kwa hiyo nilisikia yote. Sauti ya msichana ilikuwa ndogo, na nyuma yake watu wakiongea kwa wakati mmoja.

"Chechi, samahani kwa kukusumbua siku yako."

"Sema."

"Imekwama. Nimeangalia kufagia, kuko sawa. Nimeangalia hazina ya viti, iko sawa. Mashine zenyewe hazijajaa. Mwenye mabasi amenipigia mara nne. Sioni, chechi. Nisaidie."

Sreekala akajinyoosha kwenye kiti changu kama mtu aliyemaliza kula. "Kuna kitu mlibadilisha Jumamosi, sivyo?"

"Tulibadilisha."

"Basi."

"Nimekirudisha, chechi. Dakika kumi zilizopita nimerudisha ufagiaji wa zamani, ule wako. Haijasaidia."

Mvua ilikuwa inapiga bati la baraza, nikadhani Sreekala hakusikia, nikataka kumwambia. Ndipo nikaona ameweka kidole kwenye skrini. Macho yote yakishakusanya, huorodhesha mambo ambayo programu inayapotezea muda, kubwa juu, dogo chini. Kwa nusu saa alikuwa akitafuta katikati ya orodha, mahali jina la ufagiaji lilipo. Hakuwa ametazama juu kabisa. Juu kabisa, peke yake, limeyapita mengine yote kwa mbali, lilikuwa jambo moja: kuandika.

Programu ilikuwa inapoteza muda wake wote kumwandikia yeye.

"Nilitaka kukufukuza jikoni kwako, Amma, usinione," aliniambia.

Akafunga. Sehemu ya tatu, ya pili, ya kwanza. Mstari ukashuka papo hapo, kama maziwa yaliyoondolewa motoni.

"Chechi," Jincy akasema kwenye simu, "imeshuka. Imeshuka yote. Umefanya nini?"

Mpangaji wangu akalamba midomo. "Nimegusa kitu kidogo," akasema.

"Asante, chechi. Namwambia saar."

Haikupita dakika kumi Unnithan saar akapiga mwenyewe. Sauti yake ilijaa chumba. "Nilikuwa namwambia mwenye mabasi sasa hivi, mkongwe ni mkongwe. Uko nyumbani, uko likizo, unatutoa shimoni. Kesho pitia kwangu, uchukue simu yako."

Simu yako. Sreekala alilirudia neno hilo mara mbili alipokuwa anapanda ngazi.

Programu ilipofufuka, viti vyote viliisha ndani ya dakika nne. Venu alikuwa ameondoka mbele ya kompyuta kumtuliza mtoto. Aliporudi vilikuwa vimebaki vya siku ya pili baada ya Onam. Alinipigia jioni, hakucheka. Akasema watakuja mwakani, au watakuja mitihani ya watoto ikiisha, tutaona. Nikamwambia haidhuru. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo mtu anavyosema.

Alhamisi Sreekala alirudi na simu nyeusi mkobani. Niliona ule mzigo umerudi mahali pake, nikangoja ang'ae. Hakung'aa. Alikula kidogo, akaniuliza kama Venu alipata viti, nikamwambia hakupata. Akasimama na sahani yake haijaisha, akaiosha.

Sasa kuna desturi yao moja lazima niieleze. Programu ikianguka, hawaulizi nani kaiangusha. Kwao ni mwiko. Mmoja wao huandika karatasi ya kilichotokea, saa kwa saa, bila jina la mtu hata mmoja. Wanasema ukitafuta mtu, watu wataficha. Ukitafuta mlango ulioachwa wazi, utaufunga. Karatasi husomwa baada ya siku mbili mbele ya wote. Na karatasi hii aliyepewa kuiandika ni yule aliyekuwa kitini. Jincy.

Ijumaa asubuhi wakakaa watu wanane kuzunguka meza, kila mmoja na nakala yake. Sreekala akaisoma haraka, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Ukurasa wa pili akakutana na haya: *Saa nne na dakika tatu uangalizi wa kina ulifunguliwa kutoka nje ya ofisi. Saa nne na dakika kumi na moja uliongezwa. Saa nne na dakika kumi na tisa uliongezwa tena. Saa nne na dakika thelathini na nane ulifungwa, na programu ikapona.*

Hakuna jina. Ila mashine huandika aliyeingia, na Jincy anajua kusoma. Alikuwa amejua tangu Jumatano mchana. Alikuwa amejua Alhamisi, alipomwona Sreekala akikabidhiwa simu na watu wakipiga makofi, naye alikuwa amepiga makofi.

"Na ilikuwa imeandikwa vizuri, Amma," Sreekala aliniambia. "Fupi, safi, hakuna neno la ziada. Mimi karatasi zangu zote za miaka tisa ni ndefu. Nilikaa pale nimeshikwa ugoni, na nikaona wivu wa uandishi."

Unnithan saar akasoma, akasoma tena. Akavua miwani. Watu wote wakatazama meza. "Basi," akasema, "swali letu ni kwa nini mlango huu hufunguka siku ya kuuza. Hatuulizi nani. Jincy anapendekeza ufungwe kwa wote siku hiyo, hata kwangu. Naona ni sawa. Kuna mwenye neno?"

Hapo Sreekala angeweza kunyamaza. Nilimuuliza, ungeweza? Akasema ndiyo, ingepita. Simu ingebaki mkobani, na Jincy asingesema maisha yake yote. Hilo lilionekana usoni kwake, alikuwa anatazama kucha zake tu, mpole kama siku ya kwanza.

"Hilo ndilo sikuliweza," alisema. "Amenizidi kuona, sawa. Amenizidi kuandika. Sasa anizidi na wema, nami nibebe simu aliyonisitiria? Nife kwanza."

Akasema, "Ni mimi."

"Hatukuuliza, Sreekala," Unnithan saar akasema.

"Najua. Andikeni."

"Sheria hairuhusu jina."

"Sheria nimeifundisha mimi hapa, saar. Nipe kalamu." Akachukua kalamu ya mtu wa pembeni, kwenye nakala yake, mbele ya saa nne na dakika tatu, akaandika *Sreekala*. Akaandika tena mbele ya ile ya kumi na moja, na ya kumi na tisa, na ya thelathini na nane. Mara nne. Akaisukuma ile karatasi hadi kwa Jincy, na simu nyeusi juu yake.

"Chechi," Jincy akasema, "haikuwa lazima."

"Kwako haikuwa lazima."

Unnithan saar akavaa miwani yake. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Akasema simu ikae kwa Jincy, na Sreekala aende nyumbani apumzike, na safari hii apumzike kweli. Kisha wakaendelea na ukurasa wa tatu.

Ndivyo alivyokuja kwangu saa nane mchana, amelowa, akakaa barazani pa jikoni nilipokuwa namenya muhogo, akanieleza yote bila kuruka kitu, hadi ule uso wake wa habari njema. Nilimwacha aseme. Nilipomaliza muhogo nikaanza viazi vikuu, visivyohitajika.

"Viti vya Venu nimevila mimi," akasema mwishoni.

"Nimesikia."

"Huna la kuniambia?"

Nilikuwa nalo. Nilikuwa na wajukuu wawili ambao mwaka ule sitawapima urefu kwenye mlango wa stoo, na mkwe wangu, Ragini, ambaye huwa ananikaangia chipsi zote za ndizi za Onam, kilo nane, maana mimi mgongo hauniruhusu kusimama juu ya mafuta. Nikalitafuta la kusema ambalo tungeweza kuishi nalo nyumba moja.

"Chipsi utakaanga wewe," nikasema. "Zote. Na za jirani."

Akatikisa kichwa kukubali. Akafuta pua kwa ncha ya shali. Halafu, bila kunitazama, akauliza, "Jincy anajua kukaanga chipsi, unadhani?"

"Watu wa Pala wanajua sana. Ninaweza kumwalika tumwone."

"Usimwalike."

"Achari yangu inaharibika juu ya friji. Angeichukua."

"Amma, nimesema usimwalike." Ila alisema huku amelaza kichwa kwenye ukuta. "Mwalike baada ya Onam. Nikishajifunza."

"Utajifunza kwa nani?"

Kichwa chake hakikusogea ukutani. Nikadhani ananuna. Nilipogeuka mdomo ulikuwa wazi kidogo, mikono imeanguka mapajani, na pumzi inakwenda na kurudi kwa utaratibu. Tangu Jumatatu hakuwa amefumba jicho sawasawa. Nikaondoa kisu na maganda karibu na miguu yake, nikamfunika shali yangu ile kavu, nikaacha chai bila kuipika, maana harufu yake ingemwamsha. Nikatandika mkeka pale pale barazani, kwa sababu mtu aliyelala amekaa huweza kuanguka na ni vizuri awepo wa kumdaka. Nikajinyoosha, nikasikiliza mvua, na katikati ya kuisikiliza nami nikalala.